Wasia wa Mwislamu Mbele ya Kadhi na Mbele ya Hakimu

Wasia, au wosia kama unavyoitwa zaidi Tanzania Bara, ni tamko la mtu aliye hai kuhusu mali na mambo yake, litekelezwe baada ya kufa kwake. Katika fikihi ya Kiislamu tamko hilo lina mipaka inayojulikana. Halivuki theluthi ya mali inayobaki baada ya maziko na madeni, wala halimwongezei mrithi kitu juu ya fungu lake mpaka warithi wenziwe waridhie. Theluthi mbili nyingine zimekwisha gawanywa na Qurani, hasa katika aya za 11, 12 na 176 za Sura An-Nisaa, na marehemu hana kauli juu yake. Kwa hiyo mtu anayeandika kwamba nyumba apewe huyu, shamba apewe yule na duka abaki nalo fulani, mpaka mali ikamalizika, hajaandika wasia wa Kiislamu hata akiuanza kwa Bismillahi. Amegawa ambacho hakuwa na mamlaka ya kukigawa.

Kosa hilo huanzia kwenye karatasi yenyewe. Violezo vingi vya wasia vinavyouzwa au kupokezanwa Afrika Mashariki vina asili ya sheria ya Kiingereza, ambayo humwachia mwenye mali uhuru mkubwa wa kumpa amtakaye. Mwislamu akinakili kiolezo cha namna hiyo neno kwa neno, anaingia katika mfumo ambao hakuukusudia. Watoto wake wakigombana, kadhi ataukata wasia huo hadi theluthi na kuufuta kwa warithi wasioridhiana, na kilichokusudiwa kuleta amani huwa ndicho kinachopelekwa mahakamani.

Swali linalofuata ni la haki: ikiwa mafungu yamekwisha wekwa, wasia wa nini? Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abdallah bin Umar inamtaka Mwislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Wanazuoni wameeleza kwamba agizo hilo huwa la lazima hasa kwa mwenye haki za watu shingoni: deni lisilo na ushahidi, amana aliyowekewa, zaka asiyoitoa, mahari ya mke iliyoahirishwa. Kwa wengine ni sunna. Hapo ndipo lilipo jibu, na hapo ndipo dini na sheria ya nchi zinapokutana bila kusukumana. Kazi kubwa ya wasia wa Mwislamu ni kuthibitisha. Unathibitisha alichonacho, anachodaiwa, nani ni warithi wake, sheria gani ishike mirathi yake, na nani asimamie. Zawadi ya theluthi inakuja baada ya hayo, nayo si kila mtu anaihitaji.

Mpangilio wa haki juu ya mali ya marehemu haubadiliki. Kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia, mwisho mirathi. Mfano wa hesabu unaweka wazi. Mwanamume amefariki akiacha mali ya thamani ya shilingi milioni 100, mama yake, mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja. Baba yake alitangulia. Maziko yamegharimu milioni 1, na madeni, ikiwemo mahari ya mke iliyobaki, ni milioni 15. Zinabaki milioni 84, kwa hiyo theluthi ni milioni 28. Aliusia milioni 12: 8 kwa wajukuu walioachwa na mwanawe aliyekwisha kufa, na 4 kwa madrasa. Wasia huo uko ndani ya theluthi, unatekelezwa wote. Milioni 72 zilizobaki ndizo mirathi. Mama anachukua sudusi, yaani moja ya sita, milioni 12. Mke anachukua thumni, yaani moja ya nane, milioni 9. Zinabaki 51, mtoto wa kiume anapata 34 na wa kike 17. Lau angeusia milioni 40, zingetekelezwa 28 tu, nazo zingegawanywa kwa uwiano baina ya wajukuu na madrasa, na milioni 12 zilizozidi zingengoja ridhaa ya warithi.

Ridhaa hiyo ina masharti ambayo familia nyingi huyasahau. Katika madhehebu ya Shafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, ridhaa iliyotolewa kabla ya kifo haihesabiki, kwa sababu mtu haachi haki ambayo bado hajaipata. Watoto kuitwa sebuleni, baba akiwa hai, na kutia sahihi kwamba nyumba ni ya dada yao si ridhaa ya mirathi. Kila mmoja anaweza kuikataa baada ya mazishi. Isitoshe, mrithi mdogo hawezi kuridhia, wala mlezi wake hana ruhusa ya kumtolea haki yake. Kukiwa na mtoto wa miaka 6 miongoni mwa warithi, fungu lake linabaki kama lilivyo hata wakubwa wote wakikubaliana.

Kabla ya hesabu yoyote, mali yenyewe ijulikane. Sehemu hii ndiyo inayostahili kurasa nyingi katika wasia, na ndiyo inayoandikwa kwa mstari mmoja. Nyumba iliyojengwa kwa mshahara wa mume na biashara ya mke, huku hati ikiwa na jina la mume peke yake, si mali ya mume yote. Fikihi haimpi mume mali ya mkewe kwa sababu ya ndoa. Kila mmoja ana mali yake. Alichochangia mke ni haki yake kama mshirika au mdai, na kinatoka kabla mirathi haijaguswa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatambua mali iliyochumwa kwa pamoja, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la talaka la wanandoa Waislamu, ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Kenya, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inamruhusu Mwislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika jambo hilo. Kwa njia yoyote ile, mume anayeandika wazi katika wasia kwamba nusu ya nyumba ni jasho la mkewe anamwokoa mjane na shida ya kutafuta risiti za saruji za miaka 20 iliyopita. Katika mfano wa hapo juu, nyumba hiyo ikiwa ya milioni 60, mali ya marehemu inashuka kutoka milioni 100 hadi 70 na kila fungu linabadilika. Mjane anayepewa thumni ya nyumba ambayo nusu yake ni yake amedhulumiwa, na dhuluma hiyo haifai kubebeshwa Sura An-Nisaa.

Hiba nayo inaleta utata. Mwislamu ana uhuru wa kutoa mali yake akiwa hai na mzima, na wengi huikimbilia hiba ili kumpa mtoto mmoja zaidi ya fungu lake. Lakini hiba haikamiliki mpaka mpewa akabidhiwe. Baba aliyeandika karatasi ya hiba, kisha akaendelea kukusanya kodi ya wapangaji na kuifungia hati katika sanduku lake mpaka siku ya kufa, amewaachia watoto kesi. Hiba iliyotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia, kwa hiyo inarudi chini ya kanuni ya theluthi na ya kutomwusia mrithi. Tena Mtume (s.a.w.) aliwahimiza wazazi kufanya uadilifu baina ya watoto wao katika kutoa.

Kuna fedha ambazo sheria ya nchi huzipitisha pembeni kabisa ya mirathi. Nchini Kenya, Sheria ya Mafao ya Uzeeni inasema kwamba mafao ya mwanachama aliyefariki hayaingii katika mirathi yake; wadhamini wa mfuko huyalipa kwa mujibu wa kanuni za mfuko. Ardhi inayomilikiwa na wawili kwa umiliki wa pamoja usiogawanyika humwangukia aliyebaki hai. Fomu za chama cha akiba na mikopo zina nafasi ya kutaja mrithi, na wengi huijaza siku ya kujiunga, wakiwa hawajaoa, wakaandika jina la kaka na kulisahau. Fikihi haitambui kwamba jina katika fomu linamnyang'anya mama sudusi yake. Njia salama ni kuzipitia fomu zote wakati wa kuandika wasia, na kueleza ndani yake kwamba aliyetajwa anapokea kwa niaba ya warithi wote, ila pale ambapo mfuko wenyewe umeweka haki ya wategemezi maalumu.

Upande wa sheria za nchi, hali inatofautiana kutoka pwani moja hadi nyingine. Zanzibar ndiko kwepesi zaidi. Mahakama za Kadhi zinafanya kazi chini ya Sheria namba 9 ya mwaka 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1985, na mirathi ya Mwislamu ni kazi yao ya kila siku. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana husaidia kukusanya mali ya marehemu, kupiga hesabu ya mafungu na kusimamia mgawanyo.

Kenya ina historia yake. Mahakama za kadhi zilitangulia dola yenyewe, na barua zilizobadilishwa Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, ziliahidi kuzilinda katika ukanda wa pwani. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilitungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika Julai 1, 1981 ikiwashika Wakenya wote. Waislamu waliipinga kwa miaka mingi, hadi marekebisho ya mwaka 1990 yalipowatoa: mirathi ya mtu aliyekufa akiwa Mwislamu, iwe na wasia au isiwe nao, inafuata sheria ya Kiislamu. Lililobaki juu yao ni sehemu ya saba ya sheria hiyo, inayohusu usimamizi wa mali ya marehemu, pale isipopingana na Uislamu. Sehemu hiyo ndogo ina meno. Kugusa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 45, hata aliyeigusa akiwa mwana wa kwanza mwenye nia njema.

Katiba ya 2010 inaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, mradi wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Mmoja akikataa, au akiwa si Mwislamu, shauri linakwenda Mahakama Kuu. Huko nako jaji analazimika kuitumia sheria ya Kiislamu, kwa kuwa kinachoangaliwa ni dini ya marehemu wakati wa kufa. Hii ndiyo sababu mtu aliyesilimu, ambaye jina la kitambulisho chake bado ni la zamani na ndugu zake si Waislamu, anahitaji wasia kuliko mtoto wa shekhe. Bila maandishi, Uislamu wake utathibitishwa na mashahidi wanaobishana wakati mwili haujazikwa.

Tanzania Bara haina mahakama ya kadhi ya dola. Mahakama za kadhi ziliondolewa mfumo wa mahakama ulipounganishwa baada ya uhuru. Sheria ya Kiislamu hata hivyo inatumika, kupitia mlango ambao wasia unaweza kuufungua. Sheria inayoelekeza matumizi ya sheria mbalimbali mahakamani, Sura ya 358, inaruhusu mirathi kufuata Uislamu pale mahakama inaporidhika, kutokana na maneno ya marehemu ya maandishi au ya mdomo, matendo yake au mwenendo wa maisha yake, kwamba hayo ndiyo aliyoyataka. Kipimo cha mwenendo wa maisha kilitumika mwaka 1969, Mahakama Kuu ilipoamua mirathi ya Mngoni aliyekuwa ameacha maisha ya kimila. Kwa Mwislamu wa Bara maana yake ni kubwa. Kifungu kifupi cha wasia kisemacho "mimi ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, na mali yangu isimamiwe na kugawanywa kwa sheria ya Kiislamu" ni ushahidi wa kisheria, na huenda ndicho kifungu chenye uzito kuliko vyote katika karatasi nzima. Asipokiandika, ndugu wanaotaka mila ya ukoo, ambayo mara nyingi humbana mjane na mabinti zaidi, wanapata pa kushikia.

Kifungu hicho pia kinaamua mlango wa kuingilia. Mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, chini ya jedwali la tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, bila kujali ukubwa wa mali. Mirathi isiyofuata hizo mbili inaangukia Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, na mahakama za juu. Pingamizi la mamlaka likiletwa baada ya miaka mitatu na likakubaliwa, kazi yote ya msimamizi inafutwa na kuanza upya. Mahakama ya Mwanzo kwa kawaida huomba cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia; Kenya huombwa barua ya chifu inayotaja warithi. Wasia wenye orodha kamili ya warithi, na majina ya wake wote, ndio unaozuia mke wa pili wa mji mwingine kuachwa nje ya hati hizo.

Kuhusu umbo la wasia, fikihi inaridhika na tamko mbele ya mashahidi wawili waadilifu; aya ya 106 ya Sura Al-Maida inataja mashahidi wa wasia waziwazi. Sheria ya Kenya kwa wasia wa kawaida inataka maandishi, sahihi ya mwusiaji na mashahidi wawili au zaidi, na wasia wa mdomo unasimama tu ikiwa mwusiaji amekufa ndani ya miezi mitatu. Kanuni za wosia wa kimila za Tanzania, tangazo la serikali namba 436 la mwaka 1963, zinataka mashahidi wawili kwa anayejua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo, na wanne kwa asiyejua. Wosia wa mdomo ni wanne pia. Kanuni hizo hazimfungi kila Mwislamu. Lakini anayetaka karatasi yake isimame popote atafanya hivi: aandike kwa wino, ataje tarehe na mahali, aseme ana akili timamu na hakushurutishwa, afute wasia zote zilizotangulia, atie sahihi au dole gumba kila ukurasa mbele ya mashahidi wanne wakiwa pamoja, wawili jamaa na wawili si jamaa, na asiwepo hata mmoja anayepata chochote katika wasia huo. Mashahidi wakiwa wanaume, mabishano ya kifikihi yanapungua. Hata hivyo sheria ya Mahakama za Kadhi ya Kenya inakataza kubagua ushahidi kwa jinsia au dini, na shahidi mwanamke mwenye kumbukumbu nzuri ni bora kuliko mwanamume aliyesaini bila kusoma. Mgonjwa akiandika, cheti cha daktari cha siku hiyohiyo kuhusu utimamu wa akili kiambatanishwe.

Sasa theluthi yenyewe. Faida yake kubwa ni kwa wale ambao mirathi inawapita, na katika hili wasia ni rehema ambayo Waislamu wa mwambao wanaitumia kidogo mno. Mtoto wa kiume akifa kabla ya baba yake, na baba akawa na mtoto mwingine wa kiume, watoto wa aliyekufa hawarithi kwa babu. Ami yao anawazuia. Misri ilitatua tatizo hilo kwa sheria namba 71 ya mwaka 1946, iliyowapa wajukuu hao wasia wa lazima. Kenya na Tanzania hazina kifungu cha namna hiyo, kwa hiyo babu asipowaandikia hawana kitu, nao ndio mayatima wa nyumba. Kuwaandikia sawa na fungu ambalo baba yao angelipata, lisivuke theluthi, ni jambo ambalo kadhi hatalipinga na hakimu hatalipinga.

Mtoto wa kulea hana nasaba, hivyo hana fungu. Theluthi ndiyo njia yake. Mama Mkristo wa mtu aliyesilimu harithi kwa sababu ya tofauti ya dini, lakini anaweza kuusiwa, na kwa kuwa si mrithi hahitaji ridhaa ya mtu. Ni hivyohivyo kwa mke wa Ahlul Kitabu, yaani Mkristo au Myahudi, ambaye ndoa yake inasihi na hana urithi. Mume anayemwacha mke huyo bila wasia anamwachia mahari iliyobaki, ikiwa ipo, na mchango wake wa mali kama anaweza kuuthibitisha.

Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ni suala lililo moto Kenya. Katika fikihi anarithiana na mama yake na jamaa za mama, si baba. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya ilishikilia kwamba watoto wa namna hiyo hawawezi kunyimwa urithi wa baba yao Mwislamu kwa sababu tu walizaliwa nje ya ndoa, kwani kifungu cha katiba kinachowapa Waislamu nafasi yao hakiruhusu ubaguzi huo. Hukumu hiyo inapishana na msimamo wa makadhi, na mgongano utaendelea. Baba anayejua ana mtoto wa aina hiyo, na anataka kufa akiwa ametimiza wajibu bila kuwatia watoto wengine mahakamani, ana theluthi. Akiitumia kwa kiwango cha haki, hoja ya dhuluma inapungua nguvu kwa pande zote mbili.

Deni la Mwenyezi Mungu lisisahauliwe. Kwa Shafii, aliyewajibikiwa na hija akafa bila kuhiji, gharama ya kumhijia inatoka katika mali yote kabla ya wasia, kama madeni mengine. Kwa Hanafi na Maliki inatoka theluthini, na ni akiusia. Wasia unaotaja madhehebu huondoa ubishi huo. Unaondoa pia mwingine mkubwa zaidi: Mashia Ithnaasheri, wakiwemo wengi wa jamii ya Khoja wa Dar es Salaam na Mombasa, wanaruhusu kumwusia mrithi ndani ya theluthi bila ridhaa ya wenziwe. Kifungu kilicho batili kwa Msuni wa Lamu kinaweza kuwa halali kwa jirani yake.

Wasii, yaani msimamizi aliyetajwa, achaguliwe kwa uaminifu na uwezo wa kufuatilia ofisi, si kwa ukubwa wa umri. Kutajwa katika wasia hakumpi mamlaka ya kuuza au kugawa; anapaswa kuithibitisha nafasi hiyo mahakamani kwanza. Atajwe na wa pili, iwapo wa kwanza atakufa au kukataa. Mwenye watoto wadogo ataje mlezi wa mali yao na namna ada za shule zitakavyolipwa kutoka mafungu yao, kwa hesabu inayoandikwa.

Waswahili wanaoishi Uingereza wanakabiliwa na hali iliyo kinyume. Huko kuandika tu kwamba mirathi ifuate Uislamu bila kutaja mgawanyo hakutoshi, na asiyeacha wasia anagawanyiwa kwa sheria ya nchi. Mke wa nikahi ambayo haikusajiliwa hatambuliwi kama mjane katika mgawanyo huo. Sheria ya mwaka 1837 inataka mashahidi wawili waliokuwepo pamoja wakati wa kutia sahihi, ndoa mpya hufuta wasia wa zamani, na sheria ya mwaka 1975 inawapa mke, watoto na wategemezi haki ya kuomba zaidi mahakamani. Hivyo wasia wa London uguse mali yote iliyoko huko, uamuru mafungu ya Kiislamu yatekelezwe kwa hesabu itakayotolewa na mwanachuoni aliyetajwa, na uandikwe na wakili wa huko. Nyumba iliyoko Mombasa inabaki chini ya sheria ya Kenya popote mwenyewe alipokuwa akiishi. Mwenye mali katika nchi mbili aandike wasia mbili, kila mmoja kwa mali ya nchi yake, na kila mmoja useme kwamba haufuti mwenzake.

Wasia unaweza kubadilishwa au kufutwa wakati wowote kabla ya kifo. Ndoa, talaka, kuzaliwa kwa mtoto, kununua kiwanja na kulipa deni ni sababu tosha za kuufungua upya, kwa sababu orodha ya madeni iliyoandikwa miaka 10 iliyopita huweza kumlipa mara ya pili aliyekwisha lipwa. Nakala moja iwe kwa wasii, moja kwa wakili au msikitini panapoaminika. Tanzania Bara, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, husaidia kuandika wosia na kuuhifadhi, na huduma hiyo iko wazi kwa watu wa dini zote.